Hambaka inagota chini: kuongeza kina cha shimo la pikapu kwa patasi na drili

Swali kutoka Wete, Pemba: "Assalamu alaykum fundi. Nina gitaa la umeme la mtumba, umbo la Stratocaster, jeusi. Karibu na daraja lilikuwa na hambaka ya rahisi iliyokufa koili moja. Rafiki yangu kaniletea nyengine kutoka Dar, nzuri, lakini haikai. Kwa upana inaingia, kwa urefu inaingia, ila inagota chini na kubaki juu hata nyuzi zinaigusa. Shimo nimelipima kwa rula, kina chake milimita 16. Seremala wa mtaani kwetu ana ruta, ile mashine ya umeme ya kuchongea mbao, lakini anasema hajapata kugusa gitaa na anaogopa. Mie nina patasi moja, nyundo na drili ya kuazima. Naweza kuchimba mwenyewe? Nichimbe kiasi gani?"

Waalaykumu salaam, mwanangu. Unaweza, na vifaa ulivyonavyo vinakaribia kutosha. Nyundo irejeshe sandukuni. Na huyo seremala usimlaumu, amekupa jibu la fundi. Ruta huzunguka mara elfu nyingi kwa dakika, na ndani ya gitaa lenye rangi ngumu kama kigae, mkono ukiteleza mara moja basi. Patasi nayo hukosea, lakini hukosea polepole. Unaliona kosa likija na unawahi kuusimamisha mkono.

Tuelewane maneno kwanza. Daraja ni kile chuma kinachozishika nyuzi mwilini mwa gitaa. Nikisema pikapu nakusudia kile kidude cha sumaku kinachozisikiliza nyuzi. Nasema hivi kwa sababu nimewahi kupigiwa simu na bwana mmoja wa Mwanakwerekwe aliyesikia kwamba natengeneza pikapu, tukazungumza dakika tatu nzima mpaka alipotaja giaboksi.

Sasa usichimbe chochote mpaka ujue kinachogota ni kipi. Hambaka ni pikapu yenye koili mbili, yaani mizunguko miwili ya waya mwembamba, zilizolazwa ubavu kwa ubavu, sumaku chini yake, na vyote vimekalia kibati. Ilibuniwa kiwandani Gibson, Marekani, mwaka 1955, na mhandisi Seth Lover. Koili moja imepangwa kinyume cha mwenzake, ili ule mvumo wa umeme unaodakwa na zote mbili ujifute wenyewe huku sauti ya nyuzi ikibaki. Hilo ndilo jema lake, na ndilo linalowafanya watu waitafute. Taabu yake kwako ni unene. Kile kibati kimekunjwa chini pande zote mbili kikafanya miguu, na kwenye miguu ndimo zinamopita skrubu za kupandishia na kuteremshia. Ziko hambaka za miguu mirefu na za miguu mifupi, na dukani zote zina jina moja. Ya kwanza ilikuwa ya miguu mifupi, hii ya Dar bila shaka ni ya miguu mirefu.

Bila shaka, lakini tuhakikishe. Vitu vinne vinaweza kugusa sakafu ya shimo: miguu yenyewe, ncha za skrubu za kupandishia, mikia ya zile skrubu sita zinazokaa chini ya nyuzi, na waya pale unapotokea. Chukua wanja, au masizi ya chini ya sufuria na tone la mafuta, upake chini ya pikapu sehemu zote hizo. Ishushe shimoni taratibu mpaka iguse, kisha iinue wima. Sakafu itakuonyesha alama. Hili nimelipata kwa mafundi wa milango, wanapotaka kujua ulimi wa kitasa unagonga wapi kwenye fremu, na mpaka leo sijaona kipimo cha bei ghali kinacholishinda.

Ukikuta alama za ncha za skrubu peke yake, umepona, huna haja ya kuchimba. Skrubu za kupandishia mara nyingi ni ndefu kupita haja. Zitoe, pachika nati kwenye kila moja, zikate milimita 4 au 5, sugua ncha kwa tupa, halafu itoe nati: ikitoka inasafisha hesi pale ulipokata. Mikia ya zile sita nayo hukatwa vivyo hivyo, moja moja, unaitoa, unaipunguza, unairudisha. Kata na sugua mbali na pikapu. Sumaku yake hukusanya vumbi la chuma, na vumbi hilo likishaingia kwenye koili hulitoi kwa urahisi. Ile pamba ya chuma ya kusugulia masufuria isiingie kabisa kwenye chumba unachofanyia kazi.

Miguu usiikate, kwa sababu hesi inayoishika pikapu imo mumo humo. Wala usiipinde. Nimeletewa mbili zilizopindwa kwa koleo, moja kibati kilikuwa kimeng'oa waya wa koili, ule mwembamba kuliko unywele, na hapo tena gitaa si tatizo, pikapu ndiyo maiti.

Kwa maelezo yako nakisia wanja utaonyesha miguu miwili. Basi tupige hesabu. Rula ya skuli ina kipande kitupu kabla ya sifuri, kwa hiyo hizo milimita 16 zako huenda ni 18 au 19. Toa ile plastiki ya mbele, laza kitu kilichonyooka juu ya mbao kukatiza shimo, shusha kijiti cha mishkaki mpaka chini, tia alama kwa kalamu pale kinapokutana na hicho ulicholaza, kisha pima kijiti. Fanya hivyo kwenye pembe zote nne na katikati, maana sakafu za magitaa ya rahisi haziko sawa.

Tuseme kweli ni 16. Unachohitaji kujua ni pikapu ikae kimo gani. Bonyeza uzi kwenye freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya mwisho kabisa, ile iliyo karibu na pikapu, na pima kutoka juu ya plastiki mpaka chini ya uzi. Tuseme umepata milimita 10. Unataka pengo la milimita 2 kati ya uzi na pikapu, kwa hiyo pikapu itokeze milimita 8 juu ya plastiki. Pima pikapu yenyewe kutoka juu mpaka ncha ya mguu, tuseme 29. Toa 8, zinabaki 21 chini ya uso wa plastiki. Plastiki ina unene wa milimita 2 hivi, kwa hiyo 19 ziko ndani ya mbao. Ongeza 2 za kupumua, ili uweze kuiteremsha kidogo siku ukitaka. Unahitaji 21, unazo 16. Pungufu ni 5. Hizo ni namba za mfano. Zako zitatofautiana, lakini njia ndiyo hiyo.

Milimita 5 zinaonekana si kitu. Sasa geuza gitaa.

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Stratocaster ilipotoka mwaka 1954 ilikuja na daraja linalotikisika, lenye kitofali cha chuma kinachopenya mwili mzima na springi zinazolivuta kutoka nyuma. Springi hizo zimelala kwenye chumba kilichochongwa upande wa mgongo, na chumba hicho kinatokea kwenye daraja kuelekea shingoni, yaani kinapita chini ya pikapu. Gitaa lako lina mashimo mawili yaliyopeana migongo, moja limechimbwa kutoka mbele na jengine kutoka nyuma, na katikati yao kuna ubao mmoja tu. Stratocaster yenyewe ina unene wa milimita 44 au 45. Za rahisi zinazofuata umbo lake mara nyingi ni nyembamba zaidi, 40 hivi. Chumba cha springi kwa kawaida nacho kina kina cha milimita 16 au karibu na hapo. Basi 40 toa 16 toa 16: ubao uliobaki katikati ni milimita 8. Ukichimba sakafu nzima milimita 5, umebakisha 3, unene wa plaiwudi ya dari. Na drili haisimami pale unapotaka isimame.

Najua hivyo kwa sababu nilishatoboa. Mwaka wangu wa mwanzo wa kazi hii, gitaa la mpigaji mmoja wa hapa Mjini, nilitumia ile biti bapa yenye mwiba katikati, inayotobolea mbao matundu makubwa. Niliweka alama ya kina kwenye bawa la biti nikausahau mwiba, ambao ulikuwa umetangulia milimita 10 nzima. Ukatokea upande wa pili, ukagota kwenye springi, nikasikia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Niliziba kwa unga wa mbao na gundi, sikumtoza hata senti, na bwana yule bado ananiuliza kila tukikutana kama nimenunua rula.

Habari njema ni kwamba miguu ya hambaka iko mbali mbali. Kutoka skrubu moja ya kupandishia hadi ya pili ni karibu milimita 79, na chumba cha springi kwenye magitaa mengi ya umbo hili hakifiki upana wa milimita 60. Kwa hiyo miguu kawaida inaangukia nje ya chumba cha springi, penye mbao nzito isiyochongwa nyuma. Ukichimba vijishimo viwili tu, kimoja kwa kila mguu, sakafu ya katikati hukuigusa na hatari yote ile umeikwepa. Hivyo ndivyo nitakavyokushauri ufanye.

Nimesema kawaida. Karibu na daraja chumba hupanuka ili kitofali kipate kucheza, na hambaka yako iko karibu na daraja. Usiniamini mie, chora ramani. Legeza nyuzi zote kidogo kidogo, zitoe. Toa kifuniko cha nyuma na uzichomoe springi kwa koleo ukiwa umezifunika kwa kitambaa, zisije zikakurukia usoni. Toa daraja. Utaona uwazi unaopenya mwili wote kutoka mbele hadi nyuma, njia ya kile kitofali. Huo ndio shahidi wako, kwa sababu uko mahala pale pale pande zote mbili. Weka karatasi mgongoni mwa gitaa, sugua kwa penseli kufuata mdomo wa chumba cha springi na mdomo wa ule uwazi, kata kwa mkasi. Ipeleke mbele, lakini igeuze kwanza, maana kushoto kwa nyuma ni kulia kwa mbele. Linganisha uwazi na uwazi. Sasa unaona kwa macho yako springi zinapita wapi chini ya shimo la pikapu, na alama za wanja zimeangukia ndani ya mpaka au nje.

Zikiwa nje, endelea. Zikiwa ndani, pima kina cha chumba cha nyuma kwa kijiti kile kile, toa hesabu, na kama baada ya kuchimba hutabakisha milimita 4, acha. Kubadilishana pikapu na mtu mwenye ya miguu mifupi ni rahisi kuliko kutengeneza sakafu mpya.

Kabla ya kukata, ondoa shingo pia. Ni skrubu nne, na mwili mtupu unashikika vizuri zaidi. Piga picha za waya zote kwa simu kabla hujalehemua hata mmoja, na plastiki nzima na vitu vyake iweke mbali. Ukiwa na hambaka ya waya nne, usifuate rangi za waya za ile ya zamani; kila kiwanda kina mpango wake wa rangi.

Jiliwa huna, na hata ungekuwa nayo nisingependa uibane rangi ile. Tia mchanga kwenye foronya ya zamani, uifunge, uiviringe ndani ya kanga mbili, ulaze gitaa juu yake. Mwili unazama kidogo na hauendi popote. Mdomo wa shimo uzungushie tepu ya karatasi, na juu ya tepu weka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Magitaa ya kiwandani hupakwa poliesta nene, ngumu na inayovunjika kama gamba la yai. Utakapokuwa ndani ya shimo mkono utatamani kuegemeza patasi kwenye mdomo na kuikongoa mbao kama mtu anayefungua kopo. Usikongoe. Pale pale patabanduka kipande cha rangi cha ukubwa wa kucha.

Patasi yako nina hakika haina makali. Sijaiona, lakini patasi za madukani kwetu zinauzwa na umbo tu, makali unajitilia mwenyewe. Chukua kipande cha kioo, kibandike msasa wa maji namba 220, tia maji, sugua kwanza mgongo wa patasi, ule upande bapa, mpaka sentimita mbili za mwisho zing'ae sawa. Kisha upande wa mshazari, uukalishe vile vile ulivyo na usiutikise. Halafu 400, halafu 1000. Ikiwa tayari itakata ukingo wa karatasi ya daftari bila kuichana. Nusu saa nzima inakwenda hapo, na watu hawapendi. Lakini mwili wa gitaa la rahisi mara nyingi ni mbao laini kama baswudi au popla, na mbao laini ndiyo inayotaka makali zaidi. Msaji na mninga wanaochonga mafundi wetu wa milango husimama imara hata patasi ikiwa butu kidogo. Baswudi hulala, hubonyea, ikatoka manyoya. Ukimaliza ifute patasi kwa mafuta ya cherehani, hewa yetu ya chumvi haingoji wiki.

Kama ukiangalia ndani ya shimo ukaona tabaka tabaka, mwili wako ni plaiwudi. Si msiba. Tegemea drili zaidi kuliko patasi, na unoe mara mbili zaidi, kwa sababu gundi ya kati ya tabaka inakula makali.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni fupi kuliko maandalizi yake. Chora kwa penseli kila kijishimo kikiwa kikubwa kuliko mguu kwa milimita 2 kila upande. Tumia biti ya kawaida ya milimita 6. Biti ya kawaida ina ncha ya koni, na watu husahau kwamba koni nayo ina kimo: kwa biti ya 6 ni karibu milimita 2, kwa biti ya 10 ni 3. Kwa hiyo pima kutoka kwenye ncha kabisa, milimita 5, na hapo zungusha tepu iachwe na mkia kama bendera. Bendera ikianza kufagia unga wa mbao, umefika. Toboa matundu yaliyosogeleana ndani ya mchoro, drili ikienda polepole na wima. Ukiweza kupata keekee ya kuzungusha kwa mkono, iazime hiyo uiache ya umeme. Hakuna haraka, na umeme ukikatika huna habari.

Yaliyobaki kati ya matundu yatoe kwa patasi, kwa nguvu za kiganja. Ukutani shika patasi wima, mgongo ukitazama ukuta. Sakafuni igeuze, mshazari uwe chini. Ndani ya shimo mpini hauwezi kulala, na ukiitumia patasi mgongo chini itazama na kuchimba bonde. Mshazari ukiwa chini unaweza kuielekeza juu au chini kwa kuinua na kushusha mkono tu. Ukiwa na rafiki mchongaji, muombe bobari ndogo, ile patasi ya mdomo wa mviringo, itakusaidia pembeni. Kila baada ya dakika chache toa unga, ingiza kijiti, pima. Paka wanja tena, jaribu pikapu. Vaa barakoa na miwani. Vumbi la rangi ile si la kuvuta.

Ikiwa wanja ulionyesha kibati kizima kinagusa, na hesabu ya nyuma inaruhusu, sakafu nzima inaweza kushushwa milimita 1 au 2, ila patasi peke yake itakupa mawimbi. Tengeneza chombo. Chukua kipande cha mbao ngumu cha sentimita 15, kiwe kirefu kuliko shimo. Toboa tundu katikati. Tafuta spana ya eleni ya milimita 6, ile iliyopindwa herufi L, na fundi mageti akukatie mkono mfupi ubaki sentimita moja na nusu. Noa huo mkono mfupi uwe kama ulimi wa patasi, ukichovya majini kila baada ya muda. Chuma kikigeuka buluu kwa moto kimelainika. Pitisha mkono mrefu kwenye tundu kutoka chini, uubane kwa skrubu kutoka ubavuni. Mbao inateleza juu ya uso wa gitaa, ulimi unakwangua sakafu, na hauwezi kwenda chini zaidi ya ulivyouweka. Shusha nusu milimita, kwangua kote, shusha tena. Mie ninacho kimoja nilichokitengeneza kwa eleni ya baiskeli, na nakitumia hata kwenye kazi ambazo ningeweza kutumia mashine.

Ikitokea umetoboa, usitie maji ya macho. Tundu dogo: unga wa mbao ile ile na gundi nyeupe, ikauke siku nzima, usawazishe. Tundu kubwa: bandika kipande cha plaiwudi nyembamba upande wa mbele, sio kwenye chumba cha springi, zisije springi zikaanza kukisugua.

Ukishafika kina, mbao mpya uliyoifunua ni mbichi na wazi, na kwetu huku masika inapoingia itanyonya unyevu. Ipake vanishi nyepesi mara mbili, iachie ikauke vizuri. Angalia pia kama ndani ya shimo mlikuwa na rangi nyeusi inayopitisha umeme au karatasi ya shaba. Hiyo ni kinga ya mivumo, na vijishimo vyako vimeikata. Bandika foili juu ya mahala papya ikutane na ile ya zamani. Foili ya jikoni inafaa, ila haishiki risasi ya kulehemu, kwa hiyo waya wa ardhi ubane kwa skrubu ndogo. Hakikisha foili haigusi waya wa sauti, la sivyo gitaa litanyamaza kimya na utanilaumu mie.

Lehemu kwa pasi iliyopata moto kamili: gusa, mwaga risasi, ondoka. Kabla ya kufunga chochote pima pikapu kwa mita ya mafundi umeme, ile inayosoma omu. Hambaka nyingi husoma kati ya kiloomu 7 na 9, zilizozungushwa sana hufika 14 au zaidi. Ikisoma nusu ya inavyopaswa, koili moja haimo kwenye mzunguko. Isiposoma kitu, waya umekatika au umeuacha mmoja. Na jengine, kwa vile nimeona mengi: kama amplifaya yako inakurusha ukigusa nyuzi na maikrofoni kwa pamoja, tatizo haliko kwenye gitaa. Nyumba au amplifaya haina waya wa ardhi, tafuta fundi umeme kabla hujapiga tena.

Funga shingo, daraja, springi, nyuzi. Ukiona springi ndogo za kupandishia pikapu zimelegea kwa kina kipya, mahala pake tumia mpira wa vali ya baiskeli uliokatwa sentimita mbili. Unabana vizuri kuliko springi nyingi za kiwandani na hautoi mlio. Tuni gitaa mpaka litulie, kwa sababu daraja la springi linapanda na kushuka kila unapokaza uzi, na kimo cha nyuzi kinakwenda nalo. Ndipo ubonyeze freti ya mwisho na kuweka pengo: milimita 2 upande wa nyuzi nene, moja na nusu upande wa nyembamba. Ikiwa nyuzi nene zinazizima nyembamba, teremsha upande wao robo mzunguko wa skrubu, piga, sikiliza, robo nyengine. Sasa pana nafasi ya kuteremka.